Majivu Ndani ya Sinki

Phanice alikuwa bingwa wa kung'arisha sufuria. Pale Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, hapakuwa na wa kumfikia. Akimaliza kuosha vyombo aliziegemeza sufuria zake ukutani, jua likazipiga, na mpita njia akalazimika kufumba jicho. Watu walimsifu. Naye, tuseme ukweli, alipenda kusifiwa.

Siri yake ilikuwa majivu. Kila asubuhi aliyachota kwenye sigiri, akayachanganya na mchanga laini, akachovya kitambaa chenye sabuni, akasugua mpaka mkono ukachoka. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kwao Kakamega. Lakini mama yake aliosha vyombo nje, kwenye kichanja, na maji machafu yalimwagika migombani. Phanice aliosha ndani, kwenye sinki. Majivu, mchanga, mafuta ya kukaangia, vichwa vya dagaa, makoko ya ugali, vyote viliingia kwenye tundu. Vilikwenda wapi? Hakujua, wala hakujisumbua kuuliza.

Basi tundu likaanza uvivu.

Mwanzoni maji yalishuka polepole. Phanice alisimama akiyatazama, mkono kiunoni. "Nendeni basi!" aliyaambia. Baadaye yakawa yanakaa muda mrefu, na utando wa mafuta juu yake. Alikoroga kwa kidole. Alichokonoa kwa mpini wa kijiko. Alienda mlangoni, akarudi. Alifagia chumba alichokwisha kukifagia, akarudi tena. Maji yalikuwa palepale.

Kilichomkosesha raha zaidi hakikuwa maji. Nyumba ilikuwa ya Hajati Twaibah, mjane aliyeishi nyumba ya mbele, katika ua huohuo. Mume wa Phanice, Maxwell, alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa barabarani kati ya Mombasa na Kampala. Phanice mwenyewe aliuza mboga sokoni. Alipokwenda Budondo kuzinunua, mtoto wake Ivy alibaki kwa Hajati. Ivy alipopata homa kali, ni Hajati aliyembeba mgongoni mpaka kliniki. Nyumba nyingine angeweza kuipata. Lakini Hajati mwingine angemtoa wapi?

Tena Hajati alikuwa na msimamo. Mpangaji wa kabla yao aliharibu kitasa cha mlango wa ua, na Hajati akamwambia afungashe. Phanice aliisikia habari hiyo kwa majirani, ikamkaa moyoni. Kama kitasa tu kilimfukuzisha mtu, sinki je?

"Mama Ivy!" Hajati aliita kila asubuhi akipita na birika lake. "Huko ndani kwema? Maji yanatoka vizuri?"

"Vizuri kabisa, Hajati!"

Kisha Phanice alichota maji ya sinki kwa kikombe, akayatia kwenye ndoo, akachungulia dirishani. Hajati akiingia ndani, yeye alitoka mbio kuyamwaga nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake, kuchota na kuchungulia. Hata chai aliinywa akiwa amesimama.

Siku moja alimweleza rafiki yake Akoth, muuza dagaa pale sokoni.

"Sinki tu ndilo linakukondesha hivyo?" Akoth alicheka. "Si umwage asidi! Bwana yako ni dereva. Hawezi kukosa asidi ya betri."

"Haina hatari?"

"Hatari gani? Tulipokaa Malaba tulimwaga. Iliunguza uchafu wote."

"Na bomba je?"

"Bomba ni la mwenye nyumba, dada!"

Phanice hakucheka. Lakini alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akachukua chupa ya Maxwell ya asidi, akaimimina yote kwenye sinki.

Sinki likachemka bila moto. Povu la kijivu lilipanda likitoa moshi. Moshi ule ulimwingia kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alimnyakua Ivy, akakimbilia uani. Aliporudi, povu lilikuwa limetulia. Pete ya chuma kwenye tundu ilikuwa imegeuka nyeusi. Na maji? Yalikuwa palepale, tena sasa hayakupungua hata kidogo.

Tangu hapo Phanice hakuweza kukaa kitako. Maji ya kwenye sinki aliogopa kuyagusa. Maxwell alipopiga simu kutoka njiani, alimwambia nyumbani kuzuri. Alikwenda dukani kununua jiki, ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo. Alijiambia kwamba kesho atamwaga na hiyo, aone.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuamkia dua ya marehemu mume wa Hajati. Wageni walitarajiwa kutoka Iganga, Busiu na Mbale. Ua ulijaa sufuria kubwa na magunia ya mkaa. Kabla Phanice hajaifungua ile jiki, Hajati alisimama mlangoni kwake na beseni la kuku waliochinjwa.

"Mama Ivy, jikoni kwangu hakuna pa kukanyaga. Nipishe nioshe kuku kwako."

Phanice alisimama katikati ya mlango. "Hajati, acha nikuletee maji nje. Nje kuna hewa."

"Hewa ya nini? Mimi nataka sinki."

Hajati akapita. Alifika kwenye sinki, akayaona maji ya kijivu yamesimama, akaweka beseni chini.

"Hii ni nini?"

"Limeziba, Hajati. Limeziba leo."

"Leo?" Hajati alimtazama kidogo, lakini hakukasirika. "Basi una bahati. Fundi yuko hapa hapa. Nakato! Nakato, njoo na mfuko wako!"

Nakato alikuwa binti wa kaka yake Hajati, aliyelowea Mbale zamani. Alikuwa fundi wa mabomba huko Mbale mjini, mwanamke mwenye mikono minene na mdomo usiopumzika. Mfuko wake wa spana aliubeba kila mahali, hata kwenye harusi, na sasa hata kwenye dua.

"Senga, hata sijakunywa chai!" alimlalamikia shangazi yake, lakini alikwishapiga magoti chini ya sinki. "Ooh, banange! Hii imeziba kabisa. Nyabo, mama, umeweka kitu ndani? Dawa yoyote?"

Phanice alimwangalia Hajati. Hajati alikuwa anamwangalia yeye.

"Hapana," Phanice alisema.

"Kale, sawa." Nakato aliweka ndoo chini ya bomba, akashika nati kwa mikono mitupu. "Mimi nauliza kila mtu. Mzee Mafabi, yule alinifundisha hii kazi, jicho yake moja haioni. Alifungua bomba ya chini ya sinki ya mama mmoja. Mama alisema hakuna kitu ndani. Kumbe asidi iko. Ilimwagika kwa uso. Sasa sisi mafundi wa Mbale tunauliza kwanza."

Aliongea huku akizungusha. Nati ililia. Tone la kwanza lilianza kujikusanya pale chini, na uso wa Nakato ulikuwa chini yake kabisa. Phanice aliona nyumba inakwenda. Aliona Ivy analia mlango wa watu wasiomjua. Tone lilikuwa linakua.

"Usifungue!" alipiga kelele. "Toka hapo! Nimemwaga asidi! Asidi ya betri, jana, chupa nzima!"

Nakato alijivuta nyuma kwa nguvu akagonga kichwa kwenye ukingo wa sinki. Tone likaanguka ndani ya ndoo.

"Nani ulikuwa unataka aungue?" Nakato aliuliza akishika kichwa. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Mimi ama macho yangu?"

"Nisamehe. Niliogopa."

Hajati aliinama. Aliokota beseni lake la kuku, akatoka.

Nakato alinawa mikono kwa maji mengi na sabuni kwenye bomba la uani, akarudi. "Sasa niambie yote. Umemwaga kitu ingine? Jiki? Dawa ya choo?"

"Jiki nilitaka kumwaga leo. Ile pale, sijaifungua."

"Mungu amekupenda sana. Asidi na jiki ikikutana, inatoa hewa ya sumu. Wewe na mtoto mngelala hapa hapa jikoni. Usichanganye hizo vitu hata siku moja. Na kama umemwaga, sema. Fundi hawezi kukupiga. Lakini usiposema, unaweza kumuua."

Alifungua dirisha na mlango. Alimtoa Ivy nje. Alivaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kazi. Kisha akauliza, "Magadi iko?"

Magadi yalikuwepo. Phanice hakupika mrenda bila magadi. Nakato alitia maji mengi safi kwenye ndoo ya plastiki. Alichota maji ya sinki taratibu kwa kikombe cha plastiki, akayamimina humo, akanyunyiza magadi kidogo kidogo ili yaue ukali wa asidi. Kila aliponyunyiza, povu lilipanda, likashuka. Aliendelea mpaka povu likakoma.

"Usijifunze hii," alimwonya. "Hii kazi ya asidi ni ya fundi na vifaa. Wewe jifunze ile inakuja sasa."

Alifungua nati. Bomba la chini lilikuwa limepinda kama shingo ya bata. Alilichomoa na kulionyesha.

"Hii inaitwa trapu."

"Kwa nini wamelipinda? Si lingenyooka, maji yakimbie?"

"Hapa kwa kona, maji kidogo inabaki kila wakati. Hiyo maji inazuia harufu ya shimo isipande jikoni. Ni mlinzi. Lakini kitu nzito ikipita, inakaa hapa. Haiwezi kupanda hii mlima. Angalia."

Aligonga trapu kwenye ukingo wa ndoo. Bonge la kijivu lilidondoka kwa kishindo. Lilikuwa gumu. Katikati yake kichwa cha dagaa kilikuwa kimekwama, kimeachama.

"Hii ni simiti!" Nakato alisema, na mzaha ukaanza kumrudia. "Nyabo, unajenga nyumba ndani ya bomba?"

"Ni majivu," Phanice alisema polepole. "Ni majivu yangu ya sufuria."

"Majivu inashikana na mafuta. Mchanga inaongeza uzito. Ugali ni gundi. Hata asidi imelamba juu tu, ikaharibu hii pete ya chuma, ikaacha jiwe."

Phanice alitazama lile bonge. Sifa zake zote zilikuwa humo. Alitaka kucheka, akaona aibu, akaishia kukuna kichwa.

"Kwa hiyo niache majivu? Sufuria zangu zitakuwa nyeusi kama za watu."

"Nani amekukataza majivu? Sugua! Lakini sugua nje. Suuza hapo nje mpaka majivu yote itoke, maji mwaga kwa migomba. Ndani leta chombo safi cha kumalizia. Na kabla ya kuosha sahani, pangusa. Ugali iliyobaki, kuku atakula. Mafuta ya kukaanga iache ipoe, weka kwa mkebe. Mafuta ya moto ni maji, lakini ikifika chini inapoa, inaganda kwa bomba."

Nakato alichimba mfukoni akatoa kichujio kidogo cha matundumatundu, cha kuweka kwenye tundu la sinki. Akatoa na pampu ya mpira yenye mpini wa mti.

"Na siku ikianza uvivu tena, usingoje isimame. Lakini kama kuna dawa ndani, acha, niite. Kama hakuna, punguza maji, iache ifunike mpira tu. Lile tundu dogo la juu ya sinki, la kupunguza maji ikijaa, liko? Ziba na kitambaa chenye maji, ndiyo nguvu isitoroke. Halafu piga pampu, juu, chini, juu, chini. Ikikataa, weka ndoo chini, fungua trapu, uoshe, urudishe. Haya, rudisha."

"Mimi?"

"Sasa mimi nitatoka Mbale kila siku kuja kuondoa dagaa yako?"

Phanice alipiga magoti. Nakato alimpa glavu na pete mpya. Phanice aliunganisha, akakaza, akafungua maji kwa haraka yake ya kawaida. Maji yakamlowesha miguu yote miwili.

"Mpira!" Nakato alicheka mpaka akashika ukuta. "Umesahau ule mpira wa katikati ya nati. Bila mpira, unamwagilia bustani. Polepole, nyabo. Bomba haikimbii."

Alirudia. Safari hii alitia mpira, akakaza kwa mkono, akapitisha karatasi kavu chini ya nati. Karatasi ilibaki kavu. Maji yalijizungusha kwenye tundu yakazama yote kwa mara moja. Phanice aliyafungua tena, akayatazama tena yakienda. Angefurahi, lakini mawazo yake yalikuwa uani.

Hajati alikuwa ameinama juu ya beseni, akiosha kuku kwa nguvu kuliko kuku wanavyohitaji. Phanice alisimama mbele yake, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Hajati, sinki limepona."

"Nimesikia."

"Nilidhani utanifukuza. Kama yule wa kitasa."

Hajati aliinua uso. "Kitasa? Kitasa nilinunua kingine siku ileile. Nilimfukuza kwa sababu kila asubuhi aliniambia mlango ni mzima. Na mimi nikalala bila mlango, na wezi wako nje. Wewe nimekuuliza mara ngapi? Mtoto wa kaka yangu amelala chini ya asidi, na wewe unasema hapana!"

"Na sasa, Hajati? Tuhame?"

"Sasa nina kuku," Hajati alisema, akainama tena.

Siku ya dua Phanice alikaanga chapati tangu alfajiri. Hajati alisema naye, ndiyo, lakini ya kazi tu: lete sinia, ongeza mkaa. Wageni walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Nakato alirudi Mbale, akamwachia Phanice kichujio, pampu na glavu. Maxwell alirudi safari, Phanice akamweleza yote, na Maxwell akaondoa kila kitu cha betri akakifungia ndani ya lori. "Ningeuliza mimi dukani asidi inawekwa wapi, wangeniambia," alisema kwa huzuni. "Hiyo si kitu cha kuweka penye mtoto."

Phanice alibadilika. Alijenga kichanja cha miti nyuma ya nyumba, na majivu hayakuvuka tena kizingiti. Kichujio kilikaa kwenye tundu. Takataka zilizonaswa humo alizitupa kwenye ndoo ya taka. Mkebe wa mafuta ulikaa kando ya sigiri. Kila Jumamosi alimimina maji ya moto yasiyochemka, yenye sabuni, yaondoe mafuta kabla hayajaganda. Maji sasa yalishuka hata kabla hajageuka. Sufuria ziling'aa vilevile. Ila mwenyewe hakutulia. Kila aliposikia kandambili za Hajati uani, alisimama. Kila zilipopita bila kuingia, alitafuta kitu cha kufagia.

Asubuhi moja kandambili zilikuja zikasimama mlangoni.

"Mama Ivy," Hajati aliita. "Njoo na ndoo yako, na hiyo pampu yako."

Phanice alimfuata mpaka nyumba ya mbele. Sinki la Hajati lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni. Punje za wali na majani ya chai vilielea juu yake. Phanice alikunja mikono ya gauni, akavaa glavu, akapiga magoti chini ya sinki. Alikuwa anafungua mdomo kuuliza, lakini Hajati akawahi.

"Ngoja. Usiguse." Hajati alitazama pembeni. "Jana nilimwaga jiki. Nilisikia nikiwa uani yote Nakato aliyokuambia, na bado nilimwaga. Niliona aibu kukuita."

Phanice aliinuka taratibu. Alifungua dirisha la kwanza, akafungua la pili, akauacha mlango wazi.

"Asante kwa kuniambia, Hajati. Tutoke, harufu ipungue. Halafu tutayachota bila kuyachanganya na kitu."

Walitoka. Hajati aliketi kwenye ngazi ya mbele. Phanice alibaki amesimama na ndoo mkononi, akitazama dirisha, kisha lango, kisha dirisha.

"Ukihama," Hajati alisema, "nani ataniambia nifungue madirisha?"

"Nani amesema nahama?"

"Miguu yako. Tangu ile siku haikai mahali pamoja, na mimi nimeiacha ihangaike kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira imekwisha." Alipapasa ngazi kando yake. "Keti."

Phanice akaweka ndoo chini, akaketi.